Uso wa Arobaini na Mmoja

Njuki wa Runyenjes hakuwahi kuchora ng'ombe asiyemjua. Wachoraji wengine wa vibao huchora ng'ombe yeyote tu, mradi ana miguu minne na pembe mbili, na mwenye bucha akaridhika. Njuki hapana. Yeye sharti apelekwe zizini, amzunguke mnyama, amtazame machoni mpaka mnyama mwenyewe achoke, ndipo ashike brashi. Tabia hiyo iliwahi kuzua kizaazaa sokoni Ishiara. Mzee mmoja alimwona fahali wake ukutani mwa bucha, na lile doa lake jeupe juu ya jicho, naye asubuhi hiyo alikuwa amemwacha nyumbani akila majani. Akajua wanawe wamemzunguka wakamuuza. Alirudi nyumbani mbio, na uzee wake na magoti yake mabovu, akamkuta fahali amelala anacheua. Akageuka, akarudi sokoni mbio vilevile kumtafuta mchoraji. Njuki aliponea chupuchupu. Alilifuta lile doa mbele ya umati, na tangu siku hiyo jina lake likajulikana Mbeere nzima.

Kazi hiyo alifunzwa na Mbarak, mzee wa Majengo kule Meru mjini, aliyechora vibao vya hoteli na vinyozi tangu bendera ya Mzungu ishushwe. Majani chai ya nyumbani kwao yalikuwa yamemsomesha Njuki hadi kidato cha nne, na baba yake alitaraji mwalimu au karani. Badala yake kijana akapanda gari kwenda Meru kuosha brashi za mtu mwingine kwa miaka mitatu. Mbarak hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini moja alilirudia kila siku: "Ukichora usichokiona, umechora uongo, na uongo wa rangi hautoki kwa sabuni." Njuki alilibeba neno hilo hadi akawa mtu wa miaka arobaini na sita, mwenye mke, watoto, na mvi za matone ya rangi nyeupe ambazo nyingine ni mvi kweli.

Sasa, juu ya Runyenjes, pale mashamba ya chai yanapokoma na msitu wa mlima unapoanza, kuna mahali watu wanapaita Mutaroni. Wanasema ya kale hayanuki. Waliosema hivyo hawakuwahi kufika Mutaroni. Pale ulichimbwa mtaro enzi za imajensi, ile hali ya hatari ya miaka ya hamsini, serikali ya Mzungu ilipotaka kuwatenga wapiganaji wa msituni na watu wa vijijini waliowalisha. Ulikuwa mpana hata fahali asiweze kuuruka, na kina cha kummeza mtu pamoja na mtoto aliyembeba mabegani, na chini yake ikasimikwa mianzi iliyochongwa ncha. Waliouchimba ni wanawake, wazee na wasichana, kwa majembe waliyotoka nayo nyumbani, bila ujira. Waliowasimamia ni homugadi. Homugadi walikuwa watu wetu wenyewe waliochagua kusimama na Mzungu, au waliochaguliwa, inategemea unamuuliza nani.

Leo mtaro umejaa udongo na magugu, na mbuzi wanashuka na kupanda watakavyo. Lakini kando yake limebaki jiwe, na kwenye jiwe limekatwa jina la Bwana DO fulani, afisa wa Kizungu wa tarafa, kwamba ndiye aliyeuchimba mtaro huu, mwaka wa 1954. Peke yake! Bwana yule hakujua hata mpini wa jembe unaingilia wapi, lakini jiwe linasema ni yeye, na jiwe halibishani na mtu.

Ng'ambo ya jiwe umesimama ukuta mrefu wa mawe, mabaki ya kituo cha homugadi. Ukienda pale utaona nyuso zimechorwa ukutani, zimepangwa mstari mmoja, zote zinalitazama lile jiwe. Zote isipokuwa moja. Uso wa arobaini na mmoja unatazama kando, kwa msichana aliye karibu naye, na vijana wanaopita na bodaboda hucheka wakisema jamaa alikuwa anamtongoza jirani. Wacheke tu. Usilolijua ni kama usiku wa giza.

Aliyeleta kazi hiyo ni Kathure, mwanamke kijana mzaliwa wa Mitunguu aliyeajiriwa na mradi wa sanaa, mwenye viatu vya raba na daftari lisiloisha kurasa. Mwezi wa tisa mwaka wa 2016 alimkuta Njuki juu ya ngazi anamalizia kibao cha kinyozi, meno ya mtu aliyenyolewa vizuri.

"Fundi," alimwita kutoka chini, "lile jiwe la Mutaroni hatulivunji. Tukilivunja, kesho watasema halikuwepo. Tunataka ukuta ulijibu. Mashujaa Dei, mwezi ujao, nataka watu waje wawaone waliochimba."

"Niletee picha zao," alisema Njuki.

Kathure alileta picha moja tu, ndiyo iliyopatikana. Alionekana Bwana DO amesimama na mbwa wake, na mbwa alitoka vizuri hadi masharubu. Nyuma yao ilionekana migongo. Migongo mingi, imeinama, na hakuna hata uso mmoja.

Njuki alikaa na picha ile siku mbili akiwa amekasirika. Angeweza kubuni nyuso, nani angemuuliza? Lakini sauti ya Mbarak haikumwacha. Siku ya tatu ndipo akakumbuka kitu ambacho yeyote wa kwao angekikumbuka siku ya kwanza. Huku kwetu mtu akifa haendi moja kwa moja. Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la baba wa baba yake, na wanaofuata huwachukua wengine kwa zamu, na mwenye jina si ukumbusho wa yule wa zamani. Ni yeye mwenyewe amerudi. Utamsikia mama akimwita mtoto wa miaka mitatu "baba", na mtoto akilia anabembelezwa kwa heshima kama mzee aliyekosewa. Basi Njuki akatangaza kanisani na sokoni: kila mwenye jina la mtu aliyechimba mtaro aje, atachorwa.

Walikuja. Walikuja na nguo za Jumapili, na Njuki akawarudisha kubadilisha. Alikuja mhasibu kutoka Embu mjini, akakaa kwenye kigoda akiwa ndiye nyanya yake. Kwa wiki tano Njuki alichora nyuso arobaini, na kila familia ilipouona wake ilianza kuuita kwa jina. Furaha ilikuwa nyingi mno, na hapo ndipo kosa lilipopita bila kuonekana. Hakuna aliyeuliza yule wa zamani alifanya nini pale mtaroni. Kwetu haliulizwi hilo. Ukimuuliza mwenye jina habari za yule wa zamani aliyempa jina, ni kama umemuuliza mzee mwenyewe usoni, na nani atafanya utovu wa adabu kama huo?

Uso wa arobaini na mmoja Njuki aliuchora kwa kujitazama kwenye kioo alichoazima kwa kinyozi. Alikuwa na haki. Yeye ni Njuki wa Njue wa Njuki, na tangu utotoni baba yake alikuwa akimwambia habari za babu yake, "Guka wako alichimba ule mtaro." Hata jembe lenyewe lilikuwepo, limetundikwa ukutani nyumbani kwa baba yake, limelika hadi kubaki na ukubwa wa kiganja. Njuki aliuchora uso ule polepole kuliko yote, na nitasema ukweli, aliuchora kwa majivuno. Kando yake akaacha nafasi moja kwa yeyote atakayechelewa.

Aliyechelewa alifika Jumatatu ya wiki ya Mashujaa. Alikuwa bibi wa miaka sabini na minane aitwaye Cicily, aliyeolewa Ishiara miaka mingi na habari za ukuta zikamfikia huko mwisho kabisa. Alikuja na mjukuu wake Igoki, msichana wa chuo cha ualimu, aliyebeba jina la dada wa Cicily.

Bibi alianza mwanzo wa ukuta, akiisalimia kila sura kwa jina. Nyingine aliitania. "Na wewe, bado una meno!" alimwambia mmoja, akacheka hadi akashika ukuta. Alikwenda hivyo uso kwa uso, na Njuki akimfuata nyuma na tabasamu la mtu anayesifiwa. Alipofika wa arobaini na mmoja akasimama. Akautazama uso. Akageuka akamtazama mchoraji, akaurudia uso.

"Wewe ni Njuki wa nani?"

"Wa Njue, cucu," alijibu kama anayemwitikia nyanya yake.

"Njue wa Njuki."

"Ndiye huyo."

Cicily aliomba kigoda. Aliketi, akaifunga vizuri leso yake kiunoni kama mtu anayeanza kazi.

"Huyu hakuchimba," alisema. "Huyu alisimama juu na fimbo."

Njuki alicheka, na kicheko kikamfia mdomoni. "Cucu, labda umemfananisha. Akina Njuki ni wengi."

"Ni wengi. Lakini masikio hayo ni ya mmoja." Kisha akaeleza, bila kupandisha sauti. Yeye na dada yake Igoki walichimba bega kwa bega. Igoki alikuwa na miaka kumi na saba, na siku hiyo ilikuwa ya pili bila chakula. Aliunyoosha mgongo. Hakukimbia wala hakutukana, alinyoosha mgongo tu. Njuki akampiga fimbo ya kiunoni, akaanguka upande wa chini, palipokwisha kuchimbwa, na kule chini mianzi ilikuwa imeshasimikwa. "Alilala siku tatu, akafa," alisema Cicily. "Sasa mjukuu wangu hatakaa karibu na huyu. Hata kwa rangi."

Wazee wawili waliokuwa wakiota jua pale karibu walianza kutazama viatu vyao. Njuki akawauliza kama ni kweli.

"Tulijua," alisema mmoja. "Lakini ukuta ni wako na rangi ni yako. Tungesemaje?"

Kathure naye alipopata habari alikuja mbio na daftari lake. "Futa tu, fundi. Rangi nyeupe, dakika kumi, kwisha." Akapiga hatua tatu kuondoka, akarudi. "Lakini ngoja. Tukimfuta, si tutakuwa tumefanya kama lile jiwe? Au tumwache? Hapana, hatuwezi kumwacha kati ya wenye majembe. Aki fundi, mimi sijui." Alifunga daftari, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza Njuki kuliona limefungwa.

Jioni hiyo Njuki alishuka hadi kwa baba yake. Mzee Njue alikuwa na miaka sabini na moja, mzee wa kanisa, na bado alichuma chai yake mwenyewe. Njuki alimkuta katikati ya mistari na kikapu mgongoni.

"Baba, guka alichimba mtaro au hakuchimba?"

"Alichimba."

"Cicily wa Ishiara anasema alishika fimbo."

Njue aliendelea kuchuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka akamaliza kichaka chote.

"Alichimba miezi miwili," alisema hatimaye. "Jembe si umeliona? Udongo ndio uliolila, si panya. Kisha dada yangu mdogo akafa na njaa. Wiki ileile wakampa baba fimbo. Mwenye fimbo alipewa unga."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia alichimba. Ni uongo?"

Haukuwa uongo, na wala haukuwa ukweli, na kwa umri wake wote Njuki hakuwahi kukutana na kitu cha namna hiyo. Aliitazama chai iliyomzunguka, kijani kitupu hadi mtoni. "Na shamba hili?"

"Mashamba yalipogawanywa, wenye fimbo walikuwa ofisini na wenye majembe walikuwa mtaroni. Fikiria mwenyewe nani alipata tambarare." Sasa mzee alikuwa amekasirika. "Wewe karo yako ilitoka wapi? Mbona unauliza kama mgeni?"

Njuki alirudi nyumbani akala chakula bila kujua anakula nini. Mkewe alimuuliza mara mbili kama ni malaria. Hakuwa mgonjwa, alikuwa amechanganyikiwa, na kila alipojaribu kulifungua fundo lilijikaza upya. Kama mwenye jina ndiye mwenyewe amerudi, basi yeye Njuki, mchoraji wa ng'ombe, ndiye aliyempiga Igoki. Na kama siye, kama jina ni jina tu, basi zile nyuso arobaini zote ni uongo mtupu, na mhasibu wa Embu ni mhasibu wa Embu, na waliochimba wamebaki migongo vilevile. Hakuweza kulikubali la kwanza wala la pili. Na huyo guka alikuwa mtu gani? Njuki alimkumbuka kidogo: mzee mkimya aliyemchongea gari la mti, aliyekufa Njuki akiwa na miaka kumi na mmoja. Alilia sana siku ile. Je, alimlilia nani?

Asubuhi ya Jumanne alipanda Mutaroni na debe la rangi nyeupe. Cicily, aliyelala kwa jamaa zake huko, alikuwa tayari ameketi kwenye kigoda mbele ya ule uso, na Igoki kando yake.

"Cucu, nimekuja kujifuta," alisema Njuki.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nilidhani ndivyo unavyotaka."

"Njuki," alisema Cicily, na jinsi alivyolitamka jina hilo, mchoraji alihisi haliitwi yeye, au linaitwa yeye na mwingine pamoja. "Siku ile ulikuwa unatazama msitu. Ulimpiga dada yangu ukitazama msitu, kama mtu anayefukuza nzi. Uhuru ukaja, ukawa mtu wa kanisa. Kila nilipokuja nyumbani Krismasi ulinisalimia ukitazama kitambaa changu cha kichwa. Ulikufa hujanitazama. Sasa umerudi, unataka kujifuta? Kirahisi hivyo?"

Njuki alilishika debe kwa mikono miwili. "Mimi sijui kitu, cucu."

"Hata wewe mwingine ulisema hivyo." Akaunyooshea ule uso kidole. "Usifute. Geuza macho. Mchore Igoki hapo kwenye nafasi, halafu umfanye huyu amtazame. Mimi sitaki kingine."

Njuki alishusha pumzi. Hilo aliliweza. Alimchora Igoki siku nzima ya Jumanne, msichana mwenye uso mpana na kidevu cha ubishi, na nyuma yake bibi akimrekebisha mchoraji: nyusi nzito zaidi, na shingo ndefu, hakuwa mtu wa kuinama yule. Jioni Njuki alichukua kioo cha kinyozi ili ageuze macho ya guka wake, na hapo akakwama.

Jaribu mwenyewe. Shika kioo, kisha tazama kando. Ukitazama kando huyaoni macho yako, na ukiyatazama yameshakurudia. Njuki alikizungusha kioo kila upande, akajaribu kuchungulia ghafla kama anayevizia kuku, hakufaulu. Na kubuni hakujua. Alihitaji uso uleule, wenye masikio yaleyale, uketi hai mbele yake na umtazame Igoki. Uso wa namna hiyo ulikuwa umebaki mmoja duniani, na ulikuwa kwenye shamba la chai. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alipiga simu.

"Baba, nakuhitaji Mutaroni kesho. Ni kuketi tu."

Njue akasema, "Nimesikia," akakata. Njuki hakujua kama hiyo ni ndiyo au hapana.

Jumatano saa nne mzee alifika. Alivaa koti lake la kanisani, na mkononi alishika mfuko wa karatasi, akiubeba kwa uangalifu kama mayai. Njuki alidhani ni chakula chake cha mchana. Hakumsalimia Cicily kwa mkono. Alivua kofia tu, naye Cicily akaitikia kwa kichwa. Njuki akamketisha kwenye kigoda, akamweka Igoki kwenye kingine hatua tatu mbele yake, akachanganya rangi.

"Baba, mtazame."

Njue alitazama nyasi.

"Baba, macho."

Alitazama mlima. Alitazama jiwe la Bwana DO. Alitazama mbuzi mtaroni kwa bidii kama anayetaka kumnunua. Igoki, ambaye alikuwa amekuja kuchorwa na kupiga picha za simu, alikaa akiwa ameinamisha kichwa, hajui afanye nini na mikono yake. Jua lilipanda. Njuki alisimama na brashi kavu, akawa anamwonea baba yake huruma na hasira kwa wakati mmoja, asijue ipi itangulie.

Mwishowe Njue aliinua macho yake, akayaweka usoni mwa msichana, na hayakuondoka tena.

"Igoki," alisema.

"Naam, guka."

"Mimi ndiye niliyekuwa nikimletea chakula."

Igoki aliangalia huku na huku. "Nani, guka?"

"Baba yangu. Nilikuwa na miaka minane. Siku ile nilikuja na nduma zake kikapuni, nikapita ukingoni, na wewe ulikuwa chini na jembe. Ulinyoosha mkono. Hukusema kitu. Nikamtazama baba, na baba akatazama msitu. Basi nikatikisa kichwa, nikapita. Ulinyoosha mgongo kutazama kikapu kinavyokwenda. Ndipo fimbo ikashuka. Wanasema ulikuwa unapumzika. Hukuwa unapumzika."

Cicily alikuwa amesimama. Miaka sitini na zaidi alikuwa akijua kila kitu kuhusu siku ile, na hili hakulijua.

Njue alifungua mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na nduma, yaani magimbi, zilizochemshwa na kukatwa, na Njuki akaelewa kwamba baba yake alikuwa ameshaamua nyumbani, usiku au alfajiri, wakati wa kuteleka sufuria. Mzee alichagua kipande kikubwa kuliko vyote, akakinyoosha kwa msichana.

Igoki alikitazama kipande kile. Akamgeukia nyanya yake, na uso wake ulikuwa wa mtoto kabisa. "Cucu, nichukue?"

Upepo ulikuwa ukishuka kutoka msituni na kuzipeperusha ncha za leso ya Cicily, naye hakuzishika. Njuki alimtazama akitamani aseme ndiyo, kisha akatamani aseme hapana, kisha hakujua tena anatamani nini.

"Usiniulize mimi," alisema Cicily. "Wewe ndiye uliyeomba."

Igoki akanyoosha mkono.

Njuki alichovya brashi. Macho ya baba yake yalikuwa bado kwa yule msichana, na mwanga ulikuwa mzuri.